Uzi: ANA imetoka chanya. Kabla hujajiita mgonjwa wa lupasi, pita hapa

#1 Hadubini ya Kale

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mteknolojia wa maabara. Nina miaka 19 kazini, na 11 kati ya hiyo nimeitumia kwenye benchi la kingamwili. Wiki iliyopita alikuja dada mmoja dirishani kwetu ameshika karatasi, macho yamemvimba kwa kulia. Alipimwa kwingine. Karatasi imeandikwa "ANA chanya 1:80", na aliyempa alimwambia pale pale kwamba ana lupasi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kumshambulia mwenyewe, na kuzaa asahau. Kilichompeleka kupima ni uchovu tu. Viungo haviumi, ngozi safi, nywele zipo, mkojo hakuna aliyeupima. Siku nne hali chakula. Nikamkalisha nikamweleza kama nusu saa hivi, na alipoondoka nikaona haya maneno si ya mtu mmoja.

Tuanze na kinachopimwa. Kingamwili ni silaha ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya vijidudu. Zipo zinazokosea njia zikamgeukia mwenye mwili. Nitaziita kingamwili asi. ANA ni kundi la kingamwili asi zinazonasa vitu vilivyomo ndani ya kiini cha seli.

Tunavyopima ni hivi. Damu tunaiacha igande, tunaizungusha kwenye mashine mpaka majimaji ya njano yajitenge juu. Majimaji hayo tunayazimua, kama unavyozimua juisi ya ukwaju: sehemu moja kwa 40, halafu kwa 80, kwa 160, kwa 320, tunapanda hivyo hivyo kwa kuzidisha mara mbili. Tunayamwaga juu ya kioo chenye seli za binadamu zilizooteshwa maabara, zinaitwa HEp-2. Kama kingamwili asi zimo, zitang'ang'ania kwenye kiini hata tukiosha. Kisha tunaweka rangi inayong'aa kijani, tunaingia chumba cha giza na kuangalia kwa hadubini. Namba ya mwisho ambayo bado inang'aa ndiyo unaandikiwa. Kwa hiyo 1:640 ni nyingi kuliko 1:80, jambo ambalo wagonjwa wengi wanalisoma kinyume.

Ile hatua ya mwisho ni jicho la mtu. Mimi na mwenzangu tukisoma kioo kimoja, yeye anaweza kuona 1:80 na mimi nikaona 1:160, na wote tuko sawa kikazi.

Sasa sikilizeni hili kwa makini. Mwaka 1997 Eng Tan na wenzake walitoa matokeo ya maabara 15 za kimataifa zilizopima watu wazima wasio na ugonjwa wowote. Kwenye 1:40, asilimia 31.7 walikuwa chanya. Kwenye 1:80, asilimia 13.3. Kwenye 1:160, asilimia 5. Hata 1:320 walikuwepo, asilimia 3.3. Hao ni watu wanaokula, wanafanya kazi na kulala vizuri.

Fanyeni hesabu. Ukikusanya watu 1000 sokoni ukawapima wote, tuseme kati yao yumo mmoja mwenye lupasi kweli, na hapo nimekuwa mkarimu. Kwenye 1:80 utapata karatasi chanya kama 134. Mwenye ugonjwa ni mmoja. Wale 133 wote ukiwaambia alichoambiwa yule dada, umewaumiza watu 133 kwa kalamu.

Mimi binafsi chochote kilicho chini ya 1:160 huwa sikitilii maanani kabisa. Karibuni kwa maswali.

#2 Binti Usagara

Ubarikiwe mkuu. Mimi langu ni la upande wa pili. Nina miaka 34, nauza chapati. Tangu mwezi wa tatu vidole vya mikono yote miwili vinavimba kwenye vifundo, na nikiamka vinakuwa vimekakamaa zaidi ya saa nzima, siwezi kukanda unga mpaka niviloweke kwenye maji ya moto. Nilipimwa RF, kile kipimo cha damu cha baridi yabisi, ikatoka hasi, nikaambiwa hii si baridi yabisi, ni kazi nyingi. Nikapewa diklofenaki ya maumivu. Nikimaliza dozi inarudi. Je, hasi ikiwa hasi ndiyo imekwisha?

#3 Hadubini ya Kale

Dada Binti Usagara, haijaisha hata kidogo.

RF ni kipimo cha zamani sana. Erik Waaler, daktari wa Norway, alikiandika mwaka 1940 baada ya kuona damu ya wagonjwa wa baridi yabisi inafanya chembe za damu ya kondoo zigandamane. Mwaka 1948 Rose kule Marekani akayaona hayo hayo. Kina sifa yake, ila kina udhaifu pande zote mbili. Kwa wagonjwa 100 wenye baridi yabisi kweli, RF itawakamata kama 70. Wale 30 wengine wana ugonjwa na karatasi yao ni hasi. Na kwa wasio na ugonjwa huo, takriban 15 kati ya 100 kitawasingizia: mzee wa miaka 75, mwenye homa ya ini aina ya C, mwenye TB, mwenye uambukizo kwenye vali za moyo.

Kuna kipimo cha pili kinaitwa anti-CCP. Nacho hukamata kama theluthi mbili tu ya wagonjwa, lakini hakisingizii ovyo: kwa wasio na ugonjwa 100, 95 kitawaacha salama. Ndiyo maana madaktari wa viungo hukipenda, na kikiwa juu sana huashiria kwamba mifupa ya vidole iko hatarini kuliwa mapema.

Lakini hata vyote viwili vikiwa hasi, kuna baridi yabisi isiyoonekana kwenye damu. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano yuko hivyo. Kwako mimi nasikia vifundo, mikono yote miwili, asubuhi, zaidi ya saa, miezi kadhaa. Hayo maneno yako yana uzito kuliko ile karatasi. Tafuta daktari atakayekushika vidole. Nasema akushike, aviminye kimoja kimoja.

#4 Wa Kisauni

Asalaam aleikum nyote. Naandika kutoka Mombasa, yaliyotupata nyumbani yatamfaa mtu.

Mwanangu wa kike alikuwa na miaka 17, kidato cha tatu. Homa ikija ikienda miezi miwili. Kila tukienda zahanati anapewa dawa ya malaria, mara tatu, na mara mbili kati ya hizo kipimo chenyewe kilikuwa hakuna kitu. Akaanza kupukutika nywele, akawa na wekundu mashavuni, sisi tukadhani ni krimu amepaka. Nilimgombeza kwa krimu ambayo hakuipaka, na hilo laniuma mpaka leo. Magoti yakavimba. Siku moja nikamwona asubuhi uso umejaa, viatu havimuingii.

Daktari mmoja kijana, ndiyo kwanza amemaliza masomo, alifanya kitu rahisi. Alimwambia aende na kikombe chooni. Akachovya kijiti kwenye mkojo: protini alama tatu, damu alama mbili. Hapo ndipo akaagiza ANA, ikarudi 1:1280, kingamwili asi zinazonasa DNA juu sana, protini za kinga ziitwazo C3 na C4 chini. Kisha wakamchukua kinyama cha figo kwa sindano. Lupasi ya figo, daraja la nne.

Ningependa watu wajue kwamba kile kijiti ndicho kilichomwokoa mwanangu. Damu ilikuja kuthibitisha. Sasa ana miaka 22, yuwala dawa zake, figo zimetulia, yuko chuo.

#5 Dokta Ziwani

Nawasalimu wote. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, Kanda ya Ziwa. Bi Wa Kisauni (kama ni bwana nisamehe), huyo kijana alifanya kazi ya daktari. Takriban nusu ya wenye lupasi figo zao huguswa wakati fulani, na figo haziumi. Kijiti cha mkojo kinapatikana hata kituo cha afya cha kijijini. Nikiwa na mgonjwa ninayemshuku na nina fedha ya kipimo kimoja tu, naanza na mkojo, halafu picha kamili ya damu, yaani kuhesabu seli za damu.

Hadubini ya Kale, nakuheshimu sana na somo lako ni zuri, ila kwa hili la "chini ya 1:160 sikitilii maanani" hatutaelewana. Vigezo vya 2019 vya lupasi, vile ambavyo vyama vya madaktari wa viungo vya Ulaya na Marekani vilivitoa kwa pamoja, vinaanzia 1:80. Asiyewahi kufika 1:80 mlango umefungwa. Aliyefika ndiyo kwanza anaingia ndani kuhesabiwa alama. Na alama zinatoka wapi? Viungo kuvimba, 6. Homa isiyo na sababu nyingine, 2. Seli nyeupe kupungua, 3. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, kupungua, 4. Protini kwenye mkojo zaidi ya nusu gramu kwa siku, 4. Figo ya daraja la tatu au la nne kwenye kinyama, 10 peke yake. Kingamwili asi za DNA au za Sm (protini ya ndani ya kiini), 6. C3 na C4 zote kushuka, 4. Ukifika 10 na angalau alama moja ikatoka mwilini, siyo kwenye damu ya kingamwili pekee, unahesabiwa kuwa na lupasi.

ANA yenyewe haina alama hata moja. Inafungua mlango tu. Na vigezo hivyo vilitengenezwa ili watafiti wawe na wagonjwa wanaofanana. Sisi kliniki tunavitumia kama ramani, hatuvitumii kama hakimu.

Kwa hiyo 1:80 kwa dada mwenye uchovu mtupu, ndiyo, mwache aende nyumbani baada ya kumpima mkojo na damu. Lakini 1:80 kwa binti mwenye vidonda vya mdomoni na seli nyeupe zimeshuka, hiyo huitupi.

Jambo jingine la kwetu huku. Malaria, TB, VVU, homa ya ini, vyote vinaweza kuziamsha hizi kingamwili kwa muda. Kadhalika dawa. Aizonaiazidi, ile INH ambayo watu wengi wanameza miezi sita kujikinga na TB, inaweza kuifanya ANA iwe chanya, na mara chache ikaleta dalili zinazofanana na lupasi zinazoondoka dawa ikisimamishwa. Hidralazini ya presha vile vile. Msisimamishe dawa wenyewe kwa sababu ya maneno yangu. Mwambieni daktari mnameza nini kabla hajaandika fomu ya kipimo.

#6 Hadubini ya Kale

Dokta, nimekubali. Nilizungumza kama mtu anayekiona kioo bila kumwona mgonjwa. Nafuta kauli yangu ya 1:160 na kubaki na yako: namba peke yake haina maana mpaka iwekwe karibu na mtu.

Niongeze kitu kuhusu namna kiini kinavyong'aa, kwa sababu wengi hamuandikiwi au hamsomi. Kuna kung'aa kote sawasawa, ambako mara nyingi huendana na kingamwili za DNA. Kuna madoadoa. Kuna vidoti vidogo vya kuhesabika, vya sentromia, hivyo vinatuelekeza kwenye ngozi kukakamaa na vidole kubadilika rangi kwenye baridi. Na kuna madoadoa madogo yaliyosongamana yanayoitwa DFS70, ambayo yakiwa peke yake huonekana zaidi kwa watu wasio na ugonjwa. Karatasi inayosema "ANA chanya" bila namba wala sura ni nusu ya jibu. Rudini mkaulize, ni haki yenu.

Na kama maabara imetumia mashine badala ya hadubini, waulizeni. Mashine ni za haraka na hazichoki macho, ila kila moja ina orodha yake ya kingamwili inazozitafuta, na isiyokuwemo haitaonekana. Ndiyo maana hadubini bado inahesabiwa kuwa kipimo cha rejea.

#7 Mnyonge wa Ilala

Wakuu mimi ni mzima kabisa. Mama yangu mdogo alifariki kwa lupasi, shangazi ana ugonjwa wa tezi ya shingo. Kuna sehemu wanafanya vifurushi vya kupima mwili mzima, ndani yake wameweka ANA na kingamwili za tezi. Nilipie nijijue mapema?

#8 Dokta Ziwani

Mnyonge, pole kwa mama mdogo.

Ni kweli kingamwili hutangulia ugonjwa. Mwaka 2003 Arbuckle na wenzake waliichambua damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi 130 wa Marekani ambao baadaye waliugua lupasi. Kwa 115 kati yao, walau kingamwili asi moja ilikuwepo kabla ya ugonjwa kutambuliwa, wengine hadi miaka 9 nyuma. ANA na Ro (aina nyingine ya kingamwili asi) hutangulia, za DNA hufuata, za Sm huja karibu na ugonjwa wenyewe kuanza. Utafiti huo ulinisisimua nilipousoma mara ya kwanza.

Ila tazama njia waliyoifuata: walianza na wagonjwa wakarudi nyuma. Wewe ungeanza na mtu mzima ukaenda mbele, na huko mbele wengi wenye ANA chanya hawapati kitu. Hakuna dawa nitakayokupa leo kwa sababu ya ANA tu. Utabaki na karatasi na hofu. Mimi kama ndugu yako ningekuambia: pima presha na mkojo kila mwaka, zijue dalili, na fedha ya kifurushi mnunulie shangazi dawa zake za tezi. Dalili zikija, njoo siku hiyo hiyo.

#9 Sauti ya Uluguru

Mimi naomba kuuliza kidogo tofauti. Kaka yangu macho yalianza kulegea, kope zinashuka jioni, asubuhi ziko sawa. Baadaye kutafuna nyama ikawa shida, anachoka katikati ya chakula. Tumezunguka kwa waganga mwaka mzima tukiambiwa ametupiwa kitu na jirani wa shamba. Ni haya haya?

#10 Dokta Ziwani

Sauti ya Uluguru, mpeleke hospitali ya rufaa wiki hii. Kuchoka kunakozidi kadiri siku inavyokwenda na kupungua baada ya kupumzika kunanipeleka kwenye miasthenia, ugonjwa wa misuli kuchoka. Hapo kingamwili asi hukaa pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, zikaziba mapokezi. Ukiwa umeenea mwilini, kipimo cha kingamwili hizo hukamata kama 85 kati ya 100. Ukiwa machoni tu, kama nusu. Huu ni ugonjwa ambao kipimo cha damu kikiwa chanya kina nguvu sana, mbali kabisa na ANA. Watampiga pia picha ya kifua kuangalia tezi ya thaimasi. Akianza kupaliwa na maji au kukosa pumzi msisubiri asubuhi. Na msimpe antibaiotiki yoyote bila kumweleza daktari hali ya kope zake, zipo zinazouamsha ugonjwa huo.

Na jirani wa shamba mwacheni.

#11 Hadubini ya Kale

Nilikuwa sijapanga kuliandika hili, ila naona uzi umefika mahali pake. Dada yangu ameniruhusu.

Mwaka 2008 dada yangu alikuwa ameolewa mwaka wa tatu. Mimba ya kwanza ilitoka ya miezi mitatu. Ya pili alipoanza kliniki akapimwa VDRL ikawa chanya. Kaswende. Akachomwa sindano, na mume akaitwa naye achomwe. Mume akapima mwenyewe pembeni, yeye hasi. Mnajua nyumba inakuwaje baada ya hapo. Wakwe waliitwa, wazee wakakaa, dada akaapa na hakuna aliyemwamini. Nami, mdogo wake, niliyekuwa nimemaliza chuo cha maabara na cheti changu kipya, sikumwamini. Mimba ikatoka mwezi wa tano.

Mwaka uliofuata mguu wa kushoto ukavimba ghafla, damu imeganda kwenye mshipa. Akaangukia mikononi mwa daktari mama mmoja aliyesoma faili lote tangu mwanzo. Akauliza swali moja: TPHA, kipimo cha kingamwili za kijidudu wa kaswende mwenyewe, ilifanyika? Haikufanyika. Ikafanyika ikawa hasi. Dada yangu hakuwahi kuwa na kaswende maishani mwake.

VDRL haimtafuti kijidudu wa kaswende mwenyewe. Inatafuta kingamwili zinazonasa kadiolipini, mafuta ambayo Mary Pangborn aliyatenga mwaka 1941 kutoka kwenye moyo wa ng'ombe. Mwenye kaswende huwa nazo. Na mwenye ugonjwa ambao Graham Hughes na wenzake walikuja kuufafanua London mwaka 1983, wa kingamwili asi zinazogandisha damu na kutoa mimba, naye huwa nazo. Karatasi moja, magonjwa mawili. Wakampima kingamwili za kadiolipini, zikawa juu. Wakarudia baada ya wiki 12, kwa sababu mara moja haitoshi, uambukizo wowote unaweza kuzipandisha kwa muda. Zikabaki juu. Mimba iliyofuata alichoma heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku tumboni na kumeza aspirini ndogo. Mtoto yuko darasa la saba.

Siku hizi kliniki nyingi za wajawazito hutumia kipimo cha haraka kinachotafuta kingamwili za kijidudu mwenyewe, kwa hiyo kisa kama hiki kimepungua. Lakini VDRL na ndugu yake RPR bado zipo. Mama akitoka chanya kwa hizo, na hasa kama mimba zimekuwa zikitoka, omba TPHA kabla hujaitisha kikao cha wazee. Niliomba msamaha kwa dada mwaka 2009. Kila nikikiweka kioo chini ya hadubini namkumbuka.

#12 Mama Nasra

Machozi yamenitoka. Hadubini, mfikishie dada salamu zangu.

Mimi nina ujauzito wa wiki 15. Nina macho makavu na mdomo mkavu miaka mingi, nimepimwa anti-Ro chanya. Mtandaoni nimesoma mtoto atazaliwa na moyo mbovu. Silali.

#13 Dokta Ziwani

Mama Nasra, lala. Ro hupita kwenye kondo la nyuma na inaweza kuunguza njia ya umeme ya moyo wa mtoto, hilo ni kweli. Lakini kwa mama ambaye hajawahi kupata mtoto mwenye tatizo hilo, hutokea kwa mimba moja au mbili kati ya 100. Zile 98 nyingine moyo ni salama. Hatari iko zaidi kati ya wiki ya 18 na ya 24, kwa hiyo umewahi. Mwambie daktari wako wa uzazi leo kwamba una Ro, asikilize mapigo ya mtoto kila unapokwenda, na kama kuna anayeweza kufanya altrasaundi ya moyo wa mtoto akupange. Muulize pia kuhusu haidroksiklorokwini. Wengi tunawapa akina mama kama wewe. Hiyo ni ndugu wa klorokwini mliyokunywa utotoni ikawawasha mwili mzima.

Na hapa niseme neno moja nje ya swali. Brian Greenwood, akiwa Nigeria, aliandika mwaka 1968 kwamba magonjwa haya ni nadra kwa Waafrika wa pale, akashuku kwamba vimelea kama malaria vinatuliza kinga. Aliambukiza panya wenye ugonjwa unaofanana na lupasi malaria ya panya, na ugonjwa ukapungua. Kazi nzuri ya sayansi. Lakini neno "nadra" lilibaki vichwani mwa walimu wetu na likatufanya tusitafute. Binti wa Kisauni alipewa dawa ya malaria mara tatu kwa sababu mtu alishaamua kwamba lupasi haiji huku. Weusi wa Marekani wanaugua lupasi zaidi ya weupe, na kingamwili za Sm huonekana kwao zaidi. Huku tukipima mkojo tutawaona.

#14 Mnyonge wa Ilala

Dokta nimeghairi kifurushi. Presha 118 kwa 76, mkojo safi. Shangazi anakushukuru.

#15 Binti Usagara

Wakuu nimerudi, ni wiki ya sita tangu niulize.

Nilifuata ushauri. Nilisafiri hadi hospitali ya rufaa, nikakutana na bingwa wa viungo, mama mtu mzima. Kabla hajaangalia karatasi yoyote alinishika vidole vyote kumi akiviminya, kisha viganja, kisha nyayo. Akasema vifundo 14 vimevimba. Nikampa jibu la RF, akaliweka pembeni. Akaagiza anti-CCP: hasi nayo. Akanipiga altrasaundi ya mikono, akanionyesha kwenye kioo mfupa wa kidole cha shahada umeanza kulika pembeni, kama muhindi uliogugunwa na panya. Amesema ni baridi yabisi isiyoonekana kwenye damu. Amepima pia homa ya ini, VVU na kifua kabla ya dawa.

Nimeanzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, na vidonge vya vitamini ya foliki. Wiki ya tatu sasa. Asubuhi vidole bado vinakaza ila nusu saa tu. Jana nimekanda kilo nne za unga bila kuloweka mikono kwanza.

Swali langu: methotreksati nimeandikiwa Jumapili, duka la dawa kwenye pakiti wameandika kila siku. Nifuate ipi?

#16 Dokta Ziwani

JUMAPILI. Mara moja kwa wiki tu. Ukimeza kila siku itakuulia uboho, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Umeshameza ngapi wiki hii? Nijibu hapa hapa, nipo mtandaoni.

#17 Binti Usagara

Nimemeza Jumapili tu dokta, nilishituka nikasubiri kuuliza. Nimeshaifuta kwa kalamu pakiti yote na kuandika Jumapili kwa wino mwekundu.

#18 Dokta Ziwani

Afadhali. Foliki meza siku nyingine, Jumatatu kwa mfano. Usishike mimba ukiwa kwenye dawa hii, na damu ya ini na picha kamili irudiwe wiki ijayo. Rudi na pakiti hiyo dukani waione, kuna mwingine watamwandikia hivyo hivyo kesho.